Tupeane uzoefu: mnyama uliyemkuta hoi ukajaribu kumrudisha

Jiwe la Bismarck
Wakuu, mwangaluka. Asubuhi nimepita Mkolani, hapa Mwanza, nikakuta punda kafungwa kwenye nguzo na mkokoteni wa mchanga bado uko nyuma yake. Mgongo umechunika pale mkanda unaposugua, nzi wamejaa, kwato zimeota mpaka zimepinda juu. Mwenyewe kaingia kunywa chai. Nikakumbuka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda: jirani yetu Igombe alihama, akaacha mbuzi watatu kwenye banda lililoingia maji. Niliokoa mmoja.
Wenye uzoefu, mlifanyaje?

Sangara Mbichi
Na wale wawili?

Jiwe la Bismarck
Kwato zilikuwa zimeoza. Wacha tu.

Mama Wawili Buhongwa
Umenigusa pabaya. Mjomba wangu ana zizi Misungwi. Aliugua akapelekwa Dar, mchungaji hajalipwa miezi miwili, akaondoka bila kumuaga mtu. Tulipopata habari, ng'ombe wanne walikuwa wameshakufa. Amebaki jike mmoja mwekundu, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani, amelamba udongo wa ukuta mpaka fito zinaonekana.

Nilikodi pikapu siku hiyohiyo. Mashudu ya pamba gunia, pumba debe mbili. Nikammiminia zote. Alivyokuwa anakula nililia kwa furaha, mume wangu akanipiga picha. Ile picha ninayo mpaka leo, siifungui.

Saa mbili usiku akaanza kusaga meno. Ubavu wa kushoto ukajaa kama ngoma. Akalala. Nikakaa chini, kichwa chake mapajani, tochi ya simu inaishiwa chaji, namwambia vumilia, vumilia, kama anasikia Kiswahili. Alikata roho kabla ya adhana. Asubuhi afisa mifugo kafika, kaangalia gunia, kaangalia ng'ombe, akaniambia: "Mama, huyu hakufa njaa. Amekufa shibe."

Akanieleza kwamba vile vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi vilikuwa vimedhoofu. Ukimshindilia pumba tumbo linachacha, asidi inaingia kwenye damu. Nilitakiwa kumpa maji kidogokidogo, nyasi kavu, na pumba kiganja tu baada ya siku kadhaa. Mtu aniambie kwa nini hayo hayaandikwi kwenye magunia.

Kapuku wa Kisesa
Pole dada. Mimi ni mbuzi na michembe, vile viazi vitamu vikavu. Hivyohivyo.

Ngosha Mstaafu
Binti yangu, ungemkoroga magadi na mafuta ya kula ukamnywesha kwa chupa ya soda. Sisi tumekulia zizini, hayo hatukusomea.

Dokta wa Kata
Mzee shikamoo. Magadi yanasaidia akiwahiwa, sikatai. Ila ng'ombe aliyelala kichwa chini usimnyweshe kwa chupa, inaingia mapafuni. Nimewazika wengi waliopona njaa wakafa kwa chupa.

Ngosha Mstaafu
Marahaba. Wewe una miaka mingapi?

Mjuaji wa Nyegezi
Tatizo ninyi Wasukuma mnafuga idadi. Mtu ana ng'ombe mia, yeye mwenyewe kala dagaa.

Ngosha Mstaafu
Na hao dagaa umewavua wewe? Ng'ombe ni akiba. Wewe ya kwako iko kwenye simu, nani anaihesabu mbavu?

Sangara Mbichi
Wazee acheni, niwape yangu. 2019, saa nne usiku, niko na bodaboda natoka Misungwi. Karibu na Usagara lori la ng'ombe limesimama, fahali kakanyagwa na wenzake, wamemburuta wamemtupa kando. Dereva ananiambia nipe elfu sitini uchukue nyama. Nikatoa. Nikamwita rafiki mwenye guta, tukampeleka NYUMBA YA KUPANGA. Naenda kumpakia abiria, narudi.

Kapuku wa Kisesa
Wewe!

Mama Wawili Buhongwa
Abiria ashuke huyo.

Sangara Mbichi
Nimerudi. Hakuvunjika, ila hainuki. Daktari wa mifugo akasema akilalia upande mmoja siku nzima, nyama ya mguu inakufa kwa uzito wake mwenyewe. Kila saa tatu tunamgeuza, vijana wanne wa kijiweni, magunia ya pumba ubavuni kama mito. Zamu tuliandika ukutani kwa mkaa. Siku ya kumi na tisa alisimama. Ya ishirini akatoka akala mchicha wa mama mmoja gengeni, fungu zote.
Ya ishirini na moja wakaja sungusungu. Ng'ombe ana chapa ya watu, mimi sina kibali wala risiti. Nikakalishwa chini.

Mjuaji wa Nyegezi
Hii chai. Haina hata sukari.

Sangara Mbichi
Kunywa uondoke. Mwenye mali akaletwa, mzee wa Magu, aliambiwa na dereva fahali wake kafa. Hakuniuliza chochote. Akaita jina, fahali akageuza masikio. Mzee akakaa kwenye ndoo akanyamaza muda mrefu. Akanirudishia elfu sitini na jogoo juu. Mwenye nyumba akanipa notisi ya mwezi.

Jiwe la Bismarck
Hongera, lakini wakuu turudi kwa punda. Nimwagie nini lile jeraha? Fundi mmoja kasema oili chafu.

Dokta wa Kata
USIWEKE OILI. Maji yaliyochemka yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, osha kila siku, funika nzi wasitage. Kwato zikatwe kidogokidogo kwa awamu. Na mkokoteni apumzishwe mpaka ngozi ifunge. Punda hapigi kelele kama mbuzi, akiumwa anasimama tu, watu wanadhani mvivu.

Ngosha Mstaafu
Oili inafukuza nzi. Basi.

Mjuaji wa Nyegezi
Mwacheni punda afanye kazi. Watoto hawana madawati.

Dokta wa Kata
Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Na punda anabeba mimba karibu mwaka mzima kwa mtoto mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi ilipowamaliza, 2022 serikali ikapiga marufuku kuwachinja.

Jiwe la Bismarck
Nimerudi Mkolani jioni. Bado yuko kwenye nguzo. Jamaa si mkatili, mkanda mpya tu hana hela. Kumuuza anataka laki mbili na nusu, kanipa mpaka Jumamosi. Nina laki moja na ishirini. Nani ana eneo lenye kivuli?

Kapuku wa Kisesa
Eneo ninalo, mwembe upo. Maji ya kununua, ndoo mia mbili.

Sangara Mbichi
Guta lipo. Ila safari hii MUUZAJI AANDIKE, mwenyekiti agonge muhuri.