"Jealous" na "envious": je, ni wivu uleule?

Mwanafunzi wa lugha:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nilipomwandikia rafiki yangu wa Uingereza kwamba ninakwenda Zanzibar kwa mapumziko, alinijibu, "I'm so jealous!" Shuleni tulifundishwa kwamba "jealous" ni mwenye wivu, hasa wivu wa mapenzi, na baina yetu hakuna mapenzi wala ugomvi. Je, amechukia?

Mfasiri:
Hajachukia hata kidogo. Baina ya marafiki, maneno hayo ni namna ya kukupongeza kwa bahati uliyoipata, na anayeyasema kwa sauti mara nyingi hana kinyongo. Lakini mwalimu wako naye alikuwa na hoja, kwa sababu wanaochunga lugha husema kwamba "jealous" ni yule anayechelea kunyang'anywa kilicho chake, ilhali "envious" ni yule anayeumia kwa kilicho cha mwenzake, na huyo ndiye Waswahili tunayemwita mwenye kijicho. Othello, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, ni "jealous", kwa kuwa ameaminishwa kwamba mkewe Desdemona ana uhusiano wa mapenzi na Cassio, msaidizi wake. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, Waingereza hulitumia neno la kwanza mahali pa la pili, na kamusi zao zinalikubali jambo hilo.

Msomaji wa Biblia:
Niongeze kidogo. Neno "jealous" lilipitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ari na bidii, ambalo ndilo lililozaa pia "zealous". Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Kutoka 20:5, inasema "a jealous God", nasi tunasoma "Mungu mwenye wivu". Hapo hapana husuda, maana Mungu amhusudu nani? Ni upendo usiokubali mshirika.

Mwalimu wa Kiingereza:
Wanafunzi wangu huandika "jealous with", nami hulisahihisha kila mara: ni "jealous of". Jihadharini tu kwamba "jealous of his wife" yaweza kumaanisha kwamba mume anamshuku mkewe, au kwamba anakionea kijicho cheo cha mkewe. Muktadha ndio utakaoamua. Katika insha ya mtihani, ukikusudia kijicho, andika "envious" na utakuwa salama. Rafiki yako mjibu tu, "Come with us!"