Naomba ushauri: kanisa letu limefungwa, mchungaji hana digrii

Shalom wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa dogo la Kipentekoste hapa Rwanda, tuko waumini kama 80. Jengo lilifungwa baada ya ukaguzi. Vyoo tumeshajenga, na vizuia sauti tumechangishana tukaweka. Kilichobaki ni elimu ya mchungaji. Sheria ya 2018 inataka msimamizi wa kanisa awe na digrii ya dini, au digrii nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, na ile miaka 5 ya kujiandaa iliisha 2023. Wetu ana miaka 61 na cheti tu cha chuo cha Biblia.

Kanisa moja kubwa lililosajiliwa liko tayari kutupokea, ila wao wanabatiza watoto wachanga. Sisi tunazamisha watu wazima, tena kwa imani, si kwa mazoea. Vijana wameshaanza kwenda huko, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Naomba kujua: kuna aliyejiunga na kanisa jingine akaruhusiwa kubaki na ubatizo wake? Na je, tukimweka kijana wetu mwenye digrii ya ualimu asome cheti cha dini, anaweza kuwa msimamizi huku mchungaji wetu akiendelea kuhubiri?