Kompyuta moja imegoma kuingia kwenye mtandao wa ofisi

Mwenye steshenari, Ujiji:
Wakuu, naomba msaada. Nina kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi moja (kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao), na mbili zinaiona printa bila shida, lakini ya tatu, tangu umeme ulipokatika na kurudi juzi, haioni chochote. Anwani yake ya mtandao inaanza na 169.254, ilhali za wenzake zinaanza na 192.168.1.

Fundi, Mwanga Kigoma:
Ndugu, anwani ya 169.254 kompyuta hujipa yenyewe pale inapoomba anwani kwenye ruta (kifaa kinachogawa anwani za mtandao) isijibiwe, kwa hiyo printa iache kwanza. Tazama taa ndogo pembeni mwa tundu la waya nyuma ya kompyuta. Ikiwa haiwaki, chukua waya wa kompyuta isiyo na tatizo, uuchomeke kwenye hiyo iliyogoma, upate kujua kama tatizo liko kwenye kompyuta yenyewe au kwenye waya wake na swichi. Wengi hukimbilia kupiga Windows upya, jambo ambalo hapa ni kupoteza siku bure.

Mdau, Kasulu:
Naongezea kwamba tundu la swichi nalo huweza kuungua umeme unaporudi kwa nguvu, huku mengine yakibaki mazima. Jaribu tundu jingine kabla ya kununua waya.

Mwenye steshenari, Ujiji:
Ahsanteni sana. Kwa waya wa jirani yake taa iliwaka, nami nikahamisha waya wake wa awali kwenye tundu jingine la swichi. Sasa anwani ni 192.168.1.14 na printa inachapa.

Fundi, Mwanga Kigoma:
Vema. Tundu bovu lizibe kwa selotepu, asije mtu akalitumia tena.