Shokapu ndefu za chupa kwenye Boxer 150: nipime nini kabla ya kufunga?

Machungwa_Muheza

Habarini wakuu. Pikipiki ni Boxer BM 150, inashusha machungwa kutoka vijiji vya Muheza kuja Tanga mjini, matenga mawili kwenye keria, na siku nyingine abiria. Shokapu za nyuma za kiwandani zimechoka. Ikipakiwa inakaa chini kabisa, na kwenye mashimo inagonga mpaka tairi linakwaruza madigadi. Ringi ya kukazia springi iko hatua ya mwisho na hali ni ileile.

Kuna jozi mpya mkononi, si za kiwandani. Zina chupa ya gesi pembeni, waya wa springi ni milimita 8 (wa sasa ni 7), na ni ndefu zaidi kwa milimita 25 jicho kwa jicho (tundu la kufungia la juu hadi la chini). Tundu la bushi ni milimita 12, stadi ya pikipiki (nondo ya chesisi inayoshika shokapu) ni 10. Zinafaa? Kuna cha kukata au kuchomelea?

Spana_14

Salaam ndugu. Usikate kitu bado.

Tuanze na ile ringi, maana wengi wanapotea hapo. Kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu. Kunaibana tangu mwanzo tu, pikipiki inasimama juu kidogo, ila kila kilo unayoongeza inaishusha vilevile kama zamani. Ugumu unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu ugumu hupanda kwa kipeo cha nne. Waya ukitoka 7 kwenda 8, mengine yote yakiwa sawa, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 70 zaidi.

Kwako hesabu hiyo haitoshi. Shokapu ya kiwandani ya Boxer ina springi mbili, moja ndani ya nyingine. Umepima ya nje, ya ndani nayo inabeba. Kwa hiyo shokapu mpya yenye springi moja ya milimita 8 inaweza kuzidi kidogo tu, au isizidi kabisa.

Pima kwa mzigo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 haukosekani Tanga, tafuta miwili. Pikipiki isimame wima kwenye sakafu ngumu, mtu aishike usukani tu bila kuikalia. Weka alama ya chaki kwenye madigadi, juu kabisa ya ekseli, upime kutoka ekseli mpaka kwenye chaki. Weka mfuko wa kwanza juu ya ekseli, si mwisho wa keria. Bonyeza mara mbili tatu, iache itulie, pima. Weka wa pili, fanya vilevile. Kiasi ilichoshuka kwa mfuko wa kwanza usikihesabu, maana springi iliyokazwa inaweza isisogee mpaka mzigo uzidi ule mkazo. Tofauti kati ya kipimo cha wa kwanza na cha wa pili ndiyo inayoonyesha ugumu wenyewe. Ikishuka milimita 15, ni kilo 3.3 kwa milimita, shokapu zote mbili pamoja. Rudia na zile mpya.

FundiNgamiani

Spana amemaliza springi, mimi niongeze ya kufunga.

Kabla hujafunga moja kwa moja, tafuta shokapu mpya inafika wapi ikibonyea mwisho. Pima sehemu inayoonekana ya fimbo, ile inayoingia na kutoka kwenye shokapu. Kwenye fimbo kuna raba ya kuzuia, hesabu kwamba ikigongwa inabaki theluthi ya urefu wake. Fimbo ukiondoa hiyo theluthi ndiyo safari halisi, yaani umbali ambao shokapu inaweza kubonyea. Kisha jumlisha mianya yote kati ya mizunguko ya springi. Jumla ikiwa ndogo kuliko safari, springi itagongana chuma kwa chuma kabla raba haijafanya kazi, na macho ya shokapu yatapasuka. Shokapu za hivyo zirudishe dukani.

Sasa fungua zote mbili za zamani, chesisi ikiwa imeegemea tofali au jeki chini ya injini. Nyanyua gurudumu kwa mkono mpaka umbali wa stadi ya juu na ya chini ulingane na urefu wa shokapu mpya iliyobonyea mwisho. Shikilia hapo kwa kipande cha mbao, uangalie kwa tochi: tairi na madigadi, cheni na kava lake, boliti za keria zinazotokeza kwa ndani. Mara nyingi mkosaji ni boliti ya keria. Imewekwa ndefu, ncha yake inachana tairi polepole na watu wanalaumu shokapu. Igeuze, kichwa kiwe ndani na nati nje. Mwanya kati ya tairi na chochote usipungue milimita 10.

Chupa ielekee nyuma au nje, mbali na ekzosi na mguu wa abiria. Ndani kuna gesi ya mgandamizo mkubwa: usiifungue, usichomelee karibu yake. Na kama kuna shokapu ya kawaida ya mafuta isiyo na chupa unayofikiria badala yake, usiifunge kichwa chini miguu juu. Hewa itaingia kwenye vali na itanesa kama haina mafuta.

Tundu la 12 kwenye stadi ya 10 usijazie bati la kopo. Nenda kwa mchonga vyuma akuchongee bushi ya chuma, nje 12, ndani 10, fupi kwa nusu milimita kuliko bomba la kwenye jicho, ili washa ibane bomba lenyewe. Paka grisi, hasa ukilaza pikipiki maeneo ya Sahare au Raskazone ambako chumvi ya bahari inagandisha stadi. Nati zishike kwa mkono kwanza, shusha pikipiki, mtu aikalie, ndipo ukaze. Ukikaza gurudumu likining'inia, raba ya bushi inabaki imejipinda muda wote na inachanika mapema. Nm (newton-mita, kwa spana ya kupimia) 30 hadi 40 inatosha kwa stadi ya 10.

Cheni ipimwe upya. Inakaza kuliko wakati wote pale sproketi ya mbele, egemeo la swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Fikisha hali hiyo kwa kupakia, kisha hakikisha bado inacheza.

Machungwa_Muheza

Asanteni sana wakuu. Vipimo: za zamani mfuko wa pili umeshusha milimita 16, mpya milimita 11. Mianya ya springi imezidi safari ya fimbo. Tairi linabaki na mwanya wa milimita 14. Tatizo ni stendi ya kati, gurudumu la nyuma haliachi ardhi tena. Na bila mzigo usukani umekuwa mwepesi mno.

Spana_14

Kutoka kilo 3.1 kwenda 4.5 kwa milimita, hiyo ni nzuri kwa matenga mawili. Funga.

Usukani mwepesi unatokana na nyuma kupanda: milimita 25 kwa urefu wa Boxer ni zaidi ya digrii 1, na shokapu za mbele zinasimama wima zaidi. Ukipakia inarudi kama zamani. Ukiwa mtupu legeza ringi mpaka hatua ya chini, na mteremko wa kutoka Amani ushuke taratibu.

Stendi ya kati usiirefushe, itagonga lami kwenye kona. Weka ubao wa sentimita 3 chini ya miguu yake unapofanya matengenezo. Ya pembeni ndiyo inayohitaji kuchomelewa kisahani chini, la sivyo pikipiki italala mno na matenga yataiangusha.

Jambo moja bado hujapima. Bonyeza nyuma kwa nguvu uachie ghafla. Ipande mara moja itulie. Ikinesa mara mbili au tatu, mafuta ya ndani hayaimudu springi hiyo, na kwenye matuta itakurusha. Kama shokapu ina skrubu ya kurudi (ya kupunguza kasi ya kupanda baada ya kubonyea), ikaze hatua moja moja huku ukijaribu, kulia na kushoto zilingane.

Na matenga yabaki mawili. Spoku, ringi ya gurudumu na swingamu ni zilezile za kiwandani, hazijaongezewa nguvu na shokapu.