MREJESHO: Ukubwa wa shamba la mikorosho lenye pembe tano

Wakuu, ni mimi wa Nachingwea niliyeuliza namna ya kupata ekari za shamba la babu lisilo mraba wala mstatili. Asanteni sana.

Nilianza na ushauri wa kulizungushia boksi kwenye karatasi ya grafu kisha nitoe pembetatu za nje. Ukanishinda. Upande wa juu umebonyea ndani, pale kwa jirani, na nikawa natoa kipande kimoja mara mbili.

Njia ya kuzidisha mshazari ndiyo imenitoa. Upande wa mraba mmoja wa grafu ni mita 10, pembe zangu ni (1,1), (13,2), (15,10), (8,7), (2,11), kinyume cha saa. Unachukua x (namba ya mbele) ya pembe ya kwanza mara y (namba ya nyuma) ya pembe ya pili, unatoa x ya pembe ya pili mara y ya pembe ya kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha unajumlisha na kuchukua nusu. Mara ya kwanza nilipata 94, kumbe sikurudi kwenye nukta niliyoanzia! Niliporudi: -11+100+25+74-9=179, nusu yake 89.5. Mara mita 100 za mraba ni 8,950, kama ekari 2.2 hivi. Babu alikuwa anatuhesabia tatu, na salfa (dawa ya mikorosho) tulikuwa tunanunua ya ekari tatu.

Upande wa korongo bado. Umepinda, mimi nimeupiga rula tu. Kiangazi nitashuka na tepe niongeze nukta pale.