Risasi nyepesi yenye kasi kwa mbweha anayemaliza wanakondoo: tupeane uzoefu

Mchunga Mlimani
Wakuu, habari za usiku. Niko Wales, shamba la kondoo, wiki ya pili ya kuzaa. Leo alfajiri nimeokota wanakondoo wawili nyuma ya ua. Mmoja hana kichwa, mwingine ameliwa ulimi na mkia, na mama yake bado alikuwa anamlamba. Bosi amesema kazi ya mbweha sasa ni yangu.

Kibali cha polisi ninacho. Kimeandikwa .223, yaani kipimo cha bunduki yenyewe, na idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo imeandikwa humo humo, kwa hiyo siwezi kujaza kabati nikajaribu kila aina. Dukani nimeonyeshwa risasi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 40, 50 na 55. Muuzaji anasema kwa mbweha chukua nyepesi, inakimbia. Nyie mliokaa kwenye haya mashamba, mnatumia ipi, na imewahi kuwaangusha wapi?

Babu Kurunzi
Umenikumbusha mbali, mdogo wangu. Hao wasio na vichwa nimewaokota sana.

Mimi ni greni 55, mwaka wa kumi na moja huu. Ni kama gramu tatu na nusu tu, lakini kwenye .223 inatoka kwa futi 3,200 kwa sekunde, karibu mita 975. Rekebisha darubini ipige sentimita 4 juu ya alama kwa yadi 100, ukifika yadi 200 utakuta iko palepale unapolenga. Mbweha mwekundu ukimwona na manyoya yake utadhani mnyama mkubwa, kumbe ni kilo sita au saba, kifua chembamba kama cha paka. Hahitaji zaidi ya hapo.

Ila kabla hujanunua chochote soma ubavuni mwa mtutu. Kama pameandikwa 1:12, risasi inazunguka mara moja kila inchi 12, na nyepesi zitakaa vizuri. Kama ni 1:8 au 1:7, huo umetengenezwa kwa risasi nzito. Zile nyepesi kabisa zenye ganda jembamba zikizungushwa kwa nguvu hiyo zinaweza kupasuka hewani kabla hazijafika.

Mama Wawili
Hapo kwenye mtutu umenena, Babu.

Shemeji wa Dubbo
Huku New South Wales, Australia, .223 ni ya vijana, hahaha. Sisi ni 22-250. Greni 55 ileile, lakini futi 3,680. Tambarare, mbweha anasimama yadi 300 anakutazama. Mbweha wenyewe hawakuwa wa nchi hii, Waingereza waliwaleta karne ya 19 ili wawakimbize kwa farasi, sasa wametapakaa karibu bara zima. Shida ya 22-250 ni mtutu kuchemka. Ukipiga tano mfululizo pumzika, la sivyo unauharibu.

Kumi na Saba
Nyote mnapoteza hela. Chukua .17 HMR. Greni 17, gramu moja na kidogo, futi 2,550, kelele yake si kubwa, haipigi bega, na sungura unapata humo humo. Nimeangusha mbweha wanane nayo.

Dada wa Powys
@Kumi na Saba hao wanane uliowaona wakianguka. Waliokimbia umewahesabu?

Nilikuwa nayo hiyo hiyo. Aprili, upepo wa kawaida tu, mbweha jike yadi 110 ameniangalia uso kwa uso. Nikalenga kifua. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi ile karibu sentimita 10 kwa yadi 100, na mimi sikuuhesabu. Ikampiga begani. Ilipasukia juu kwenye msuli, haikuingia ndani. Akazunguka mara tatu akiuma lile jeraha, halafu akaingia kwenye miiba. Nilimtafuta na tochi mpaka saa tisa usiku. Nilimpata siku mbili baadaye kando ya kijito, bado yu hai, bega limeoza. Nilimmaliza pale pale. Matiti yalikuwa na maziwa.

Ile bunduki niliiuza wiki hiyo hiyo. Kwa sungura ni nzuri. Kwa mbweha, mwenye kuitumia awe anafika yadi 70 na kichwa anakiona, la sivyo aache.

Kumi na Saba
Dada, hilo ni kosa la mpigaji si la risasi. Ungelenga kichwa.

Dada wa Powys
Nimeshasema upepo sikuuhesabu. Lakini .223 ya greni 55 ingesogea kama robo ya hapo, na ingefika moyoni. Risasi inayosamehe kosa dogo ndiyo ninayoitaka, kwa sababu anayelipa kosa ni mnyama.

Mjukuu wa Laikipia
Samahani kuingilia. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Mbweha akila mbuzi tunajenga boma la miiba na tunalala na mbwa. Kwa nini msijenge?

Shemeji wa Dubbo
Boma la hekta elfu nne?

Mama Wawili
Mjukuu, mbweha wa kwetu na huyu mwekundu wa Ulaya ni wanyama wawili tofauti. Huyu anapita chini ya waya wa kawaida kama maji. Lakini hujakosea kabisa, jirani yetu ameweka alpaka wawili, wale jamaa wa ngamia wenye sufu, kati ya kondoo na amepunguza hasara sana. Waya wa umeme nao unasaidia, ila usiguse nyasi.

Beti na Barafu
Nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza. Sijawahi kuandika hili popote.

Lincolnshire, Uingereza, Januari, ardhi imeganda kama saruji. Nilikuwa na .22 ndogo ya kawaida, zile risasi za polepole, greni 40, futi elfu moja na kidogo. Niliipenda kwa ukimya wake. Mbweha alikuwa anapita mbele ya lundo la viazisukari, yadi 60. Nyuma yake kidogo kuna lundo, nikaridhika. Sikutazama kwamba yeye alishapita ukingo wa lundo, na nyuma yake sasa ni shamba tupu, bapa.

Nikapiga. Ikapita chini ya tumbo lake ikagonga ardhi. Nikasikia ile sauti, kama nyuzi ya gitaa inavyokatika, inakwenda mbali, inakwenda. Halafu kioo.

Ndugu yetu mmoja, Mzanzibari, tulikuwa tunafanya naye kazi. Alikuja na trekta kuchukua tela, akazima taa anywe chai kwanza. Sikujua yuko pale. Nilikimbia nikiita jina lake, na hakujibu. Nilipofungua mlango nilimkuta ameinama chini ya usukani, mkononi ana kifuniko cha chupa ya chai. Kilimdondoka, akainama kukiokota, na hapo ndipo ilipopita. Tundu lilikuwa kwenye kioo cha ubavuni, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Alinitazama tu. Chai ilikuwa inamwagika kwenye goti lake na hakuihisi.

Polisi niliwaita mwenyewe. Walichukua bunduki na kibali. Walikuwa sahihi.

Mama Wawili
Subhanallah.

Babu Kurunzi
Pole, kaka. Mikono imenilegea.

Mjukuu wa Laikipia
Na huyo ndugu? Mnasalimiana?

Beti na Barafu
Idi zote mbili anakuja kula kwangu. Lakini lile shamba hakulikanyaga tena. Aliomba ahamishiwe kwenye maghala.

Kumi na Saba
Ndiyo maana nasema nyepesi yenye kasi! Ile nzito ya polepole inadunda. Ya kwangu ikigusa udongo inavunjika vipande.

Beti na Barafu
Mara nyingi inavunjika, ni kweli, hasa zile zenye ncha ya plastiki. Lakini usinitumie mimi kupigia debe bunduki yako. Isiyogusa udongo haivunjiki. Inakwenda. Hata hiyo ya futi elfu tatu, ukimkosa mbweha aliyesimama juu ya kilima na nyuma ni anga, itatua mahali ambapo huwezi kupaona.

Dada wa Powys
Asante kwa kulisema.

Mhandisi wa Perth
Mimi ningeenda .204 Ruger. Greni 32, futi 4,225, karibu mita 1,290 kwa sekunde. Mbweha hasikii kitu.

Babu Kurunzi
Na upepo wa Wales, mhandisi? Hapo Perth ya Scotland au ya Australia?

Mhandisi wa Perth
Ya Australia 😀 Haya, greni 40 basi.

Shemeji wa Dubbo
Mchunga, cha bure: nyonya mgongo wa mkono wako kwa midomo iliyobana, itatoa sauti ya sungura anayelia. Mbweha atakuja mwenyewe mpaka yadi 80, na hapo ubishi wote wa greni unakwisha.

Mchunga Mlimani
Nimerudi, wakuu. Mtutu wangu ni 1:9. Nilichukua boksi moja moja, nikapiga karatasi yadi 100 nikiwa nimelala juu ya gunia. Greni 40 zilitawanyika, upana wa kiganja. 55 zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya maziwa. 50 zimegusana. Nimebaki na 50.

Jana usiku nilinyonya mkono kama Shemeji alivyosema. Dakika saba, macho mawili yakawaka ukingoni mwa kilima, yadi 90, ametulia, ameketi kabisa. Nyuma ya masikio yake niliona nyota. Nikaweka usalama, nikazima kurunzi. Leo naanza upande wa bondeni, nikimtazama akiwa na mlima mgongoni.

Beti na Barafu
Vaa nguo nzito. Na mwambie kila mtu shambani utakuwa wapi.