Waleti za Bitcoin na ujumbe uliosainiwa: siku nne zimepotea kwa mstari mtupu na herufi moja

Wakuu, salaam. Nina hasira, naomba mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Niko Ujerumani. Tangu tarehe 30 Desemba 2024, soko la sarafu za kidijitali lililo ndani ya Umoja wa Ulaya linatakiwa kuhakikisha kwamba waleti (programu au kifaa cha kutunzia funguo za sarafu) unayotolea zaidi ya yuro 1,000 ni yako kweli, kama unaishika mwenyewe, yaani funguo unazo wewe, si kampuni. Na sheria sina ugomvi. Njia mojawapo ni kusaini ujumbe: wanakupa maneno, unayasaini kwa ufunguo wa siri wa anwani yako, unawarudishia saini, wao wanahakiki. Hakuna sarafu inayohama, hakuna ada, na ufunguo hautoki kwenye kifaa chako. Ni kazi ya dakika mbili.

Mimi imenichukua kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Hela yenyewe ni ya bati za nyumba ya mama, Muheza. Fundi ameshamaliza kenchi, anapiga simu kila siku, na mimi huku nabishana na kisanduku cha maandishi.

Sikilizeni ilivyokuwa. Soko likanipa ujumbe wa mistari mitatu: jina langu, anwani yangu ya bc1q (aina ya anwani inayoanza na herufi hizo), na tarehe. Nikakopi, nikabandika kwenye waleti, nikabonyeza kusaini. Saini ikatoka, herufi 88, mwishoni alama ya =. Nikahakiki humo humo kwenye waleti, ikasema halali. Nikaipeleka sokoni: batili. Nikarudia: batili. Mara ya tano wakalifunga ombi langu kwa saa 24. Nikawaandikia huduma kwa wateja, jibu likaja kwamba nihakikishe nimetumia anwani yangu mwenyewe. Anwani walinipa wao ndani ya ujumbe wao!

Usiku wa Ijumaa nikaufungua ule ujumbe kwenye programu inayoonyesha baiti moja moja. Baada ya tarakimu ya mwisho ya tarehe kulikuwa na 0a. Mstari mpya. Wakati nakopi nilibeba na mstari mtupu wa chini, kisanduku cha waleti kikaupokea kimya, kikausaini pamoja na maneno mengine. Kwa macho huuoni hata ukikodoa vipi.

Kwa wasiojua, kinachosainiwa si yale maneno matupu. Programu inaanza na kitangulizi "Bitcoin Signed Message:" na mstari mpya, inaandika urefu wa ujumbe wako kwa baiti, inaweka ujumbe wenyewe, kisha inapitisha vyote mara mbili kwenye SHA-256, fomula inayobana data iwe namba ya urefu maalumu, inayoitwa heshi. Baiti moja ikizidi, urefu umebadilika na heshi imekuwa nyingine kabisa. Na hapo sijagusa habari ya Windows, ambako mwisho wa mstari mara nyingi huandikwa kwa baiti mbili, 0d 0a, wakati simu na Linux hutumia moja. Ujumbe ule ule wa mistari mitatu unaweza kuzaa heshi mbili tofauti kwenye mashine mbili, na mtu hajakosea chochote.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili lilishamalizwa zamani. Watu wa PGP, programu ya zamani ya kusaini na kuficha barua pepe, waliliandika kwenye kanuni zao za mwaka 1998, hati RFC 2440: nafasi zinazoning'inia mwisho wa mstari hazihesabiwi, miisho ya mistari inafanywa ya aina moja kabla ya kusaini, na mstari mpya unaotangulia kichwa cha saini si sehemu ya ujumbe. Waleti zikaja kuiga sura tu, ile mistari ya vistari ya "BEGIN BITCOIN SIGNED MESSAGE", na nyingine hata hiyo hazitoi. Zinakupa visanduku vitatu, ukopi mara tatu, kwa kidole, kwenye kioo cha simu. Kanuni yenyewe iliyofanya sura ile iwe na maana wakaiacha.

Jumamosi usiku ombi likafunguka. Nikafuta ule mstari, nikasaini upya. Batili tena! Hapo nilikaa chini kabisa.

Jumapili nikaanza kuichambua saini yenyewe. Saini ni baiti 65. Ile ya kwanza ni namba tu inayomwambia mhakiki aina ya anwani na namna ya kuupata ufunguo wa umma (mwenza wa ule wa siri, huu unaweza kuonwa na yeyote) kutoka kwenye saini. Enzi za anwani zinazoanza na 1, namba zilikuwa 27 mpaka 34. SegWit, mabadiliko ya Bitcoin yaliyoleta anwani kama za bc1q, ilipoanza kutumika Agosti 2017, hakukuwa na makubaliano. Baadaye pendekezo la BIP 137 (BIP ni mapendekezo ya kuboresha Bitcoin) likasema anwani za bc1q zitumie 39 mpaka 42. Kuna waleti zilifuata, kuna zilizobaki na namba za zamani. BIP 322 ya mwaka 2018 ilikuja na mtindo mmoja wa kufaa anwani zote, lakini mpaka leo ukienda huku unaukuta, ukienda kule haujulikani. Bitcoin Core yenyewe, programu kuu ya Bitcoin, amri yake ya signmessage inasaini kwa anwani za zamani za 1 peke yake.

Saini yangu ilianza na herufi H, yaani namba 31. Soko lilikuwa linasubiri 39. Kwa hesabu ya base64, namna ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, tofauti ya 31 na 39 ni herufi ya kwanza tu: H inakuwa J, zile 87 zilizobaki hazibadiliki. Nikaifuta H, nikaandika J. Ikapita papo hapo.

Herufi moja, wakuu! Herufi ambayo haiongezi usalama wa aina yoyote. Mhakiki anautoa ufunguo wa umma kwenye saini na ujumbe, anautengenezea anwani, analinganisha. Angejaribu aina tatu za anwani badala ya moja, angeona inalingana. Angejaribu na ujumbe uliopunguzwa mstari mtupu wa mwisho, angeniambia siku ile ile kosa liko wapi. Ni mistari michache tu ya programu. Badala yake kuna neno moja tu, batili, kwa mtu aliyekosea mstari na kwa tapeli aliyeiba anwani, wote sawa.

Na matapeli wanalijua hilo. Ijumaa nilipouliza kwenye kundi moja la Telegram, haikupita robo saa mtu akaniingia inbox na kiungo cha "kusaidia kusaini", ukurasa wa kwanza unadai maneno yangu 12, yale ya kurejeshea waleti, ambayo anayeyapata anachukua kila kitu. Ningekuwa sijui, ningeyaweka, kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka. Mtu aliyezungushwa siku tatu hufika mahali akakubali chochote.

Nyinyi mnaotengeneza waleti, na humu mpo, nawaomba: onyesheni alama ya mwisho wa mstari kwenye kisanduku cha kusaini. Toeni anwani, ujumbe na saini kwa kitufe kimoja cha kukopi. Andikeni saini imetoka kwa mtindo gani. Na uhakiki ukigoma, semeni umegomea wapi.

Aliyekwama kama mimi kwenye anwani ya bc1q atazame herufi ya kwanza ya saini yake. Ikiwa ni H ajaribu J, ikiwa ni I ajaribu K. Na kama kuna aliyefanikiwa kwa anwani za bc1p, aina mpya zaidi, ataje waleti aliyotumia na soko lilipokea mtindo gani, maana mdogo wangu yuko kwenye foleni hiyo hiyo wiki hii.